Mkono wa Manyunyu

Katika kiwanda kimoja cha magodoro kulikuwa na mkata sponji ambaye wenzake walimwita Manyunyu, na jina hilo halikutokana na mvua. Lilitokana na vishale. Saa ya mapumziko, wafanyakazi walipokusanyika kantini kurusha vishale kwenye ubao uliotundikwa kando ya mlango wa jiko, vishale vya wenzake vilikaa karibukaribu kama ndugu waliopiga picha. Vyake vilitawanyika: kimoja juu kabisa, kimoja chini kulia, kimoja ukutani. Siku moja kishale chake kilikwenda kuchoma tai ya mkurugenzi, kwenye picha iliyoning'inia hatua mbili kutoka ubaoni. Kesho yake picha ikahamishiwa ofisini.

Wala si kwamba hakujitahidi. Kama vishale vingekuwa vinalipa jasho, Manyunyu angekuwa bingwa wa dunia. Tatizo lake lilikuwa moja: kila aliyemwona akirusha vizuri, alimwiga. Kapteni wa timu alikuwa mtunza stoo, mama mwenye mwili wa kutosha na maneno machache, aliyeitwa Bi Stoo na wote mpaka meneja. Bi Stoo alisimama ubavu ubavu na kurusha haraka kama anayefukuza nzi. Manyunyu naye akasimama ubavu ubavu mwezi mzima, akapata maumivu ya kiuno. Mkaguzi wa ubora, mwanamume mwembamba wa mahesabu, akamwambia kiwiko lazima kikae pembe mraba, akamchorea na mchoro kwenye kipande cha katoni. Manyunyu akautundika mchoro ule chooni kwake ili ausome kila asubuhi. Halafu akaona kwenye simu bingwa fulani akirusha huku kidole cha mwisho kimesimama kama anakunywa chai kwa wakubwa. Basi na chake kikasimama.

Ikawa ana mirusho mingi kuliko mashati. Na kila alipofika mbele ya ubao alikuwa kama mtu aliyefungua kabati asijue avae nini.

Wiki tatu kabla ya mechi ya kila mwaka dhidi ya kiwanda cha rangi, mchezaji wa tano wa timu alihamishiwa tawi lingine. Bi Stoo akatazama kulia, akatazama kushoto. Wengine walikuwa na zamu, wengine walikuwa na visingizio. Akabaki Manyunyu, amesimama pale na vishale vyake mkononi, anatabasamu.

"Wewe," Bi Stoo akasema.

"Mimi, Bi Stoo?"

"Kwani nyuma yako kuna mtu? Sikiliza. Sikuombi ushinde. Naomba vishale vyako vikae ubaoni. Vyote vitatu. Tusije tukamtoboa mtu kwenye nyumba za watu."

Manyunyu alirudi nyumbani siku hiyo hakanyagi chini. Akachukua ubao wake wa zamani, akautundika mwisho wa korido, akapima kwa futi ya fundi mahali pa kusimama. Ndipo alipokumbuka kwamba nyumbani kuna mgeni.

Mgeni alikuwa mama mkwe wake. Alikuwa amekuja siku nne kabla kwa ajili ya macho. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na daktari alimpangia kupasuliwa la kulia kwanza baada ya wiki mbili hivi. Kwa wakati ule aliona weupe tu, kama mtu anayechungulia kupitia pazia la bafuni. Alimtambua mtu kwa sauti na kwa hatua zake. Chumba alichopewa kilikuwa hapohapo koridoni.

Sasa, mkwe ni mkwe. Manyunyu alimheshimu mama yule mpaka ikawa kama hofu. Akiwapo sebuleni, yeye alikaa ukingoni mwa kiti. Akikohoa, yeye aliacha kutafuna. Kurusha vishale mbele ya mlango wake aliona ni utovu wa adabu. Kwa hiyo akangoja alasiri, mama akajilaza, mlango ukafungwa. Akavua viatu. Akarusha taratibu kama mwizi.

Ko. Paa. Ko.

Ko. Ko. Paa.

Mlango ukafunguka kidogo. "Mwanangu," mama mkwe akamwita bintiye aliyekuwa jikoni, "kuna mtu anabisha hodi, na inaonekana hajui mlango uko wapi."

Mkewe alicheka mpaka akashika beseni. "Si mtu wa kubisha, Mama. Ni mkweo. Anajifunza vishale."

"Anajifunza tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Ala!" Mama mkwe akatoka, mkono mmoja ukutani. "Shida iko wapi, baba?"

Manyunyu alikuwa ameficha vishale nyuma ya mgongo, kana kwamba mama angeviona. "Shikamoo Mama. Samahani kwa makelele. Naondoa sasa hivi."

"Marahaba. Usiondoe kitu. Niletee kiti."

Hapa ni lazima ijulikane mama yule alikuwa nani. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mwalimu wa kupiga chapa. Wasichana na wavulana waliopita mikononi mwake walijaa maofisini, na wote walimkumbuka kwa jambo moja: darasani alitembea kati ya taipureta ishirini zote zikilia kwa pamoja, mikono nyuma, uso ameuelekeza dirishani, halafu ghafla husema, "Wewe wa mstari wa tatu, acha kutazama vidole." Na kweli aliyekuwa mstari wa tatu alikuwa akitazama vidole. Alijua kwa kusikia tu. Mkono unaojiamini, alisema, una mwendo wake. Unaojitilia shaka hukwama palepale kila siku.

Kiti kikaletwa, kikawekwa nyuma, mbali na njia ya vishale. Mama akakaa, akakunja mikono. "Rusha."

"Nilenge wapi, Mama?"

"Mimi siuoni huo ubao, nitakwambiaje pa kulenga? Rusha tu. Rusha mpaka nikwambie acha."

Manyunyu akarusha. Mara ya kwanza alirusha kwa heshima tupu. Baada ya zamu kumi za vishale vitatu vitatu, jasho likamtoka, heshima ikapungua. Zamu ya kumi na tano mama akainua mkono.

"Kishale chako cha tatu hulenga wapi?"

"Palepale kama vingine, Mama. Ishirini, pale juu katikati."

"Na hufika?"

Manyunyu akafikiri. Hakuwahi kujiuliza. Akarusha tena vitatu, safari hii akivitazama kimoja kimoja. Cha kwanza kilikwenda kushoto, cha pili chini. Cha tatu kikakaa kwenye ishirini. Akarudia. Cha tatu, ishirini. Akarudia tena, hivyohivyo.

"Mama," akasema polepole, "umejuaje?"

"Viwili vya kwanza unachelewa. Nasikia nguo inachakacha, nasikia unavuta pumzi, unaiachia, unavuta nyingine. Cha tatu huna subira nacho. Kinatoka tu, na kinapogonga kinatoa sauti nzito, ya kuzama. Viwili vya kwanza unavirusha kwa kichwa. Hicho cha tatu unakirusha kwa mkono."

"Kwa sababu nakuwa nimeshakata tamaa."

"Basi kata tamaa mapema," mama mkwe akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aoe, Manyunyu akacheka mbele yake kwa sauti.

Ungedhani kazi iliishia hapo. Haikuishia. Kesho yake Manyunyu aliamua kuchunguza hicho kishale cha tatu anakirushaje, ili akishajua avirushe vyote vile. Akasimama, akajiangalia mkono, akajiangalia bega. Kishale cha tatu nacho kikaanza kwenda ukutani. Alipojiangalia, kilipotea, alipoacha kujiangalia, kilirudi, lakini hakujua kimerudije.

"Unatazama vidole," mama akasema kutoka kitini.

"Natazama, Mama."

"Wanafunzi wangu niliwafunika mikono kwa kitambaa. Wewe siwezi kukufunika, utamwua mke wako. Tufanye hivi: nieleze kazi yako."

"Kazi gani?"

"Ya kiwandani. Tangu unaingia. Na huku unarusha."

Manyunyu akaanza kwa kusitasita. Akaeleza jinsi bonge la sponji linavyoletwa kwa toroli, refu kama kitanda cha watu wawili na nene kumzidi yeye kimo. Akaeleza msumeno wa utepe, jinsi ya kulisukuma bonge bila kulibana, kwa sababu sponji ukilibana linakatika upinde. Akaeleza siku ya kwanza alipokata magodoro sita yote yakawa na mteremko, mteja mmoja akaja kulalamika kwamba anaamka asubuhi akiwa chini. Mama akacheka. Mkewe naye akatoka jikoni kusikiliza, kwani hadithi ile alikuwa hajawahi kusimuliwa. Na huku anasimulia, anarusha, anachomoa, anarudi, anarusha.

"Nyamazeni kidogo," mama akasema ghafla. "Zamu hiyo ilikuwaje?"

Wakatazama. Vishale vyote vitatu vilikuwa ndani ya ishirini.

"Usisogee!" mama akapiga kelele. "Mwanangu, chukua chaki, mchore miguu!"

Mkewe akapiga magoti akazungushia chaki nyayo za mumewe. Mguu wa kulia ulikuwa mbele, umeelekea ukuta wa pembeni zaidi kuliko ubao. Wa kushoto nyuma, kisigino kimenyanyuka kidogo. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kusimama vile. Hakuwa ameuona mguu ule kwa Bi Stoo wala kwa bingwa wa kwenye simu. Ulikuwa umejipeleka wenyewe.

Tangu siku hiyo mazoezi yakawa na utaratibu. Akirudi kazini anaoga, anakunywa chai, anaingia kwenye michoro yake ya chaki. Mama anakaa kitini. Zamu thelathini, si zaidi, kwa maana mama alisema mkono uliochoka hujifunza uchovu. Kwanza alirusha huku anasimulia. Baadaye akasimulia kimoyomoyo. Mwishowe hakuhitaji hadithi. Ilibaki pumzi moja, ikitoka nusu, na kishale kinaondoka nayo. Mama aligonga ukucha kwenye mkono wa kiti, tk, tk, tk, na vishale vikafuata. Kisha akaacha kugonga, na vishale vikaendelea na mwendo uleule.

Havikuwa vyote ishirini, hilo lisemwe. Siku nyingine vyote vitatu vilikwenda kwenye tano, jirani yake. Manyunyu akanung'unika.

"Vimekwenda pamoja?" mama akauliza.

"Pamoja kabisa. Lakini pabaya."

"Pabaya pamoja si shida. Huko kuna mtu mmoja aliyepotea njia. Wewe zamani ulikuwa watu watatu."

Katikati ya wiki ya pili ikatokea ajali. Mkaguzi wa ubora alimwona Manyunyu akijaribu kantini, akatikisa kichwa kwa huruma. "Ndugu yangu, hicho kiwiko!" akasema. "Kimetoka nje kama mkono wa birika. Pembe mraba, nilikuchorea." Akamshika kiwiko, akakirudisha ndani, akakaa naye mapumziko yote akimnyoosha. Alikuwa na nia njema kabisa. Jioni Manyunyu akaingia koridoni, akarusha kimoja tu.

"Leo nani kakaa kwenye mkono wako?" mama akauliza.

Manyunyu akaketi chini palepale, mgongo ukutani. "Mkaguzi, Mama. Anasema kiwiko changu kimekaa vibaya. Na kusema ukweli, yeye anajua."

"Anajua chake. Je, ulimwuliza?"

"Hapana."

"Alikuuliza unataka?"

"Hapana."

"Basi kesho mwambie asante, na usikae karibu naye. Simama. Nieleze yule mteja wa kuamka chini alirudishiwa godoro gani."

Ilichukua jioni tatu mkono kurudi. Jioni ya tatu, sauti ile nzito ya kuzama iliposikika mara tisa mfululizo, mama alinyanyuka kitini mwenyewe, bila kushika ukuta, akapiga makofi.

Siku ya kupasuliwa jicho ikafika. Manyunyu aliomba ruhusa kazini, akampeleka hospitali yeye na mkewe, wakangoja kwenye benchi. Kazi ilikuwa ya muda mfupi kuliko walivyoogopa. Mama akatoka na bandeji kubwa, akalala, na asubuhi iliyofuata bandeji ikafunguliwa.

Waliporudi nyumbani alikuwa hashikiki. Alisimama kila mahali, akatazama kila kitu. "Kumbe pazia hili ni kijani! Mimi nililiona kijivu siku zote." Akamshika bintiye kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Na wewe mwanangu, mvi hizi umezitoa wapi bila kuniambia?"

"Mama, jamani!"

Akamtazama na mkwewe, juu mpaka chini, kwa muda. "Umenenepa. Vizuri. Haya, twende koridoni. Leo naangalia."

Manyunyu akaenda kwa furaha. Akaingia kwenye chaki zake, akatoa pumzi nusu, akarusha vitatu. Ko, ko, ko. Vikakaa ishirini, eneo ambalo ungeweza kulifunika kwa kifuniko cha chupa ya chai. Akageuka kupokea pongezi.

Mama mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa khanga. Mabega yalikuwa yakitikisika. Alijizuia, alijizuia tena, halafu kicheko kikamponyoka na hakikukoma. Akashika ukuta, akakaa chini, machozi yanamtoka.

"Mama, daktari amekataza kulia!" bintiye akapiga kelele, naye anacheka bila kujua anacheka nini.

"Nisamehe, baba," mama akasema akihema. "Nisamehe. Kumbe ndivyo unavyorusha! Kiwiko kimekwenda huko. Bega limepanda sikioni. Ulimi umetoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Na ukishaachia, mkono unabaki juu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda haja!"

Manyunyu alijaribu kucheka pia. Uso ulikubali, moyo haukukubali. Usiku alisimama mbele ya kioo cha kabati, akanyanyua mkono, akauona ulimi wake ukitoka. Kesho yake jioni akafunga mdomo kwa nguvu, akashusha bega, na vishale vikatawanyika kama zamani. Jioni iliyofuata, hivyohivyo. Na mechi ilikuwa kesho.

Mama mkwe alisikia. Hakuhitaji kutazama. Akaja akaketi, si kwenye kiti chake, bali kwenye kigoda kidogo cha jikoni, karibu na miguu ya mkwewe.

"Nimekosa," akasema. "Miaka yote ile sikuwahi kumcheka mwanafunzi. Nimekuja kukucheka wewe, mkwe wangu, na hapo umenipeleka hospitali kwa mikono yako."

"Si kitu, Mama."

"Ni kitu. Nisikilize. Ningekuwa na macho siku ile ya kwanza, ningekuona unavyosimama, ningekurekebisha kiwiko, bega, ulimi na kila kitu. Ungekuwa nadhifu kama mchoro wa yule Mkaguzi wenu, na ungekuwa unatoboa kuta mpaka leo. Bahati yetu sikuona. Mimi nilisikiliza kinachofika, si kinachoondoka. Huo mkono si mzuri, baba. Sitakudanganya. Lakini ni wako, na unafanya kitu kilekile kila mara. Watu wanatafuta hicho maisha mazima."

Manyunyu akavitazama vishale vyake. Kisha akauliza, "Ulimi nao niuache?"

"Uache utoke. Labda ndio usukani."

Wakacheka wote wawili, na safari hii moyo wake ukakubali.

Kesho yake, Jumamosi alasiri, wakaenda kiwanda cha rangi. Kantini yao ilikuwa na kuta nne za rangi nne, maana kila rangi mpya ilijaribiwa humo, na harufu yake ilikupiga ndani ya pua. Mama mkwe alikuja na miwani nyeusi aliyopewa hospitali, akakalishwa mbele kama mgeni rasmi. Mchezo ulikuwa hivi: kila mmoja anaanza na mia tatu na moja, anapunguza anachopata mpaka sifuri, na kishale cha kumalizia lazima kikae kwenye utepe mwembamba wa ukingoni, ule ambao namba yake huhesabiwa mara mbili. Watu watano kwa watano.

Dereva wa lori wa magodoro akashinda wa kwanza. Mshona vitambaa wao akashindwa wa pili. Sare, moja kwa moja. Bi Stoo akatazama karatasi yake, akashusha pumzi. "Manyunyu. Vikae ubaoni."

Mpinzani wake alikuwa mchanganya rangi, kijana mrefu wa kujiamini waliyemwita Brashi. Manyunyu akasimama mstarini, mguu wa kulia umeelekea ukutani, kisigino cha nyuma kimenyanyuka. Akarusha cha kwanza. Kantini nzima ya watu wa rangi ikaangua kicheko. "Anaomba ruhusa!" mmoja akapayuka. Brashi mwenyewe aliinama kushika magoti.

Manyunyu alisikia kicheko kile kikimpita pembeni. Mtu aliyekwisha kuchekwa na mama mkwe wake, kwa machozi, koridoni kwake mwenyewe, atacheka nani tena akamuumiza? Akatoa pumzi nusu, akarusha cha pili, akarusha cha tatu. Sitini. Kicheko kikapungua kidogo.

Arobaini na tano. Sitini tena. Arobaini na moja. Hamsini na tano. Hakuwa anang'ara, Brashi alikuwa anang'ara. Brashi alipiga mia mara moja, halafu akapiga ishirini na sita, halafu tisini, halafu kumi na tisa, halafu hamsini na nane. Manyunyu alikwenda tu, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Brashi alipobakiwa na nane, Manyunyu alibakiwa na arobaini: ishirini ya ukingoni, pale juu kabisa, mara mbili.

Zamu ilikuwa yake. Cha kwanza kikagusa waya kwa nje, kikakaa kwenye weusi. Cha pili kikakaa palepale, kimekibana cha kwanza. Cha tatu kikaingia katikati yao. Vyote vitatu nje, juu ya utepe kwa upana wa ukucha.

"Aaa!" watu wa magodoro wakaugua. Mkaguzi wa ubora akaziba uso. Mama mkwe peke yake akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na jirani yake akamshangaa.

Brashi alihitaji nne ya ukingoni. Akakosa. Akarusha cha pili haraka kwa hasira, kikaingia nne ya kawaida, akabakiwa na nne. Sasa mbili ya ukingoni. Akachelewa, akarekebisha mguu, akafuta kiganja kwenye suruali, akarusha. Nje.

Manyunyu akarudi mstarini. Zamani, hapa ndipo angefungua kabati la mirusho yake yote, achague mwingine. Sasa hakuwa na ya kuchagua. Alijua kwamba mkono utafanya ulichofanya mara tatu zilizopita. Kwa hiyo aliuacha mkono kama ulivyo. Alichofanya ni kushusha macho kidogo tu, upana wa ukucha. Ulimi ukatoka. Pumzi ikatoka nusu.

Ko.

Mwamuzi akasogea ubaoni, akainama, akageuka na kunyoosha mkono kwa Manyunyu. Kantini ikalipuka. Bi Stoo, ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia, alikimbia. Alimkumbatia Manyunyu mpaka kofia ikamdondoka.

Mkaguzi alicheza wa nne akashindwa, kwa kiwiko kizuri sana. Bi Stoo alicheza wa tano, akamaliza kazi kwa zamu sita bila kubadilisha uso. Tatu kwa mbili, magodoro wakachukua kikombe, kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne.

Wakati wa soda, Brashi alimfuata mama mkwe, akainama kumsalimia. "Shikamoo Mama. Nasikia wewe ndiye uliyemfundisha kurusha vile?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi? Wala. Vile alirusha mwenyewe. Mimi nilimzuia asirushe vingine." Akamtazama Brashi kupitia miwani. "Wewe una mkono mzuri. Lakini zamu ya mwisho ulivuta pumzi mbili."

Brashi akaweka kiganja kifuani, akajaribu moja.

Siku ya Jumatano mama akarudi kwake, akiwa na kadi ya tarehe ya jicho la pili. Manyunyu alimbebea begi mpaka kituoni, njia nzima wakibishana kama akija tena alale chumba kilekile cha koridoni au cha nyuma penye utulivu. Mama alisema cha koridoni, na hakutaka kusikia neno lingine.

Miezi michache baadaye wakacheza mechi ya marudiano. Brashi alikuwa amejifunza kupumua, na akamshinda Manyunyu kwa kishale kimoja. Manyunyu akampa mkono, akarudi kukaa kwenye benchi la magodoro. Mkaguzi wa ubora akamsogelea, akakohoa, akakizungusha kishale vidoleni kwa muda.

"Ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini, "hebu nisikilize mimi nikirusha. Usinitazame. Nisikilize tu."